Kimeshatiwa Mafuta

Neno lenyewe lilikuwa LUBRIFICATO, kwa herufi kubwa nyeusi juu ya kadi ya njano yenye uzi wa kutundikia, na maana yake ni kwamba kitu hiki kimeshatiwa mafuta, asikiguse mtu. Katika kiwanda cha mashine za kufungashia alikofanya kazi Oreste Balboni mpaka akastaafu, kadi hiyo ilikuwa na nguvu kuliko meneja. Fundi akishasafisha gia, akatia grisi, akafunga kifuniko, ndipo huitundika. Na akishaitundika hakuna wa kuivua ila yeye mwenyewe. Meneja mmoja mgeni aliwahi kuivua apate kuchungulia ndani. Mafundi waliweka spana chini wakaenda kunywa kahawa, na hawakurudi mpaka alipowafuata kuomba radhi.

Siku ya kumuaga, kampuni ilimpa Oreste saa ya ukutani. Yeye akajiongezea katoni nzima ya kadi, kwa kuwa saa alikuwa nayo.

Tangu hapo nyumba yake haikupumua. Geti likawa na kadi. Mlango wa jiko, cherehani, bawaba za kabati la mashuka, magurudumu ya kiti cha mama mkwe wake, Bibi Argia, vyote vikawa na kadi. Hata kile kikabati cha Bikira Maria kwenye kona ya ngazi, ambacho kimlango chake kilikuwa na tabia ya kulia, kilitulizwa kikatundikwa kadi. Padre Celso alipokuja kubariki nyumba wakati wa Pasaka, aliisoma, akakohoa, akaendelea kunyunyiza maji.

"Iko siku utanitundika na mimi," mkewe Iolanda alimwambia.

"Wewe hulii," Oreste alimjibu. "Mimi natundika vinavyolia."

Iolanda alikuwa na duka la tambi ghorofa ya chini, chumba kimoja chenye kaunta ya marumaru na harufu ya mayai na jibini. Yeye na binti yao Mirella walitengeneza tambi pana, na zaidi ya yote tortelini, vile vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ndani, vinavyokunjwa kimoja kimoja kwa kuzungushwa kidole, na ambavyo mtu mwenye adabu zake havili ila ndani ya supu. Kukanda unga wa mayai kwa mkono maisha yake yote kulikuwa kumemmaliza vifundo vya mikono. Cha kulia kilishapasuliwa, na daktari alimwambia waziwazi kwamba akiendelea hatashika hata kijiko. Ndipo wakanunua mashine ya kukandia, kuukuu lakini nzito na ya kuaminika, na Oreste akaipokea kama aliyeletewa mjukuu.

Na mwaka huu ulikuwa wao. Karamu ya Mtakatifu Martino, msimamizi wa parokia, miaka nenda miaka rudi ilikuwa ikipikiwa tortelini za Zoboli wa mji wa pili, mtu ambaye, na jambo hili lilisemwa kwa sauti ya chini, aliwapa wateja tortelini zilizomwagiwa krimu. Iolanda alimwandama Padre Celso tangu majira ya joto mpaka akakubali. Jumapili parokia nzima ingekula mkono wa Iolanda. Wakipenda, kazi ni yake kila mwaka. Akishindwa, hata wateja wake wa kila siku watajifunza njia ya kwa Zoboli.


Ijumaa asubuhi Oreste alikuwa juu akinyoa ndevu aliposikia ngurumo, kisha mkwaruzo wa chuma kwa chuma, kisha sauti ya Mirella: "Mama, zima! Zima!" Alishuka ngazi mbio na povu nusu ya uso.

Duka lilikuwa limejaa moshi. Mkono wa mashine ulikuwa umekwama katikati ya donge la unga, na Iolanda amesimama pembeni, viganja kifuani. Kwenye kifuniko cha sanduku la gia ile kadi ya njano ilikuwa ikining'inia, safi, haina wasiwasi.

"Haiwezekani," Oreste alisema. "Nimeitia grisi jana." Na alisema kwa moyo mweupe, maana aliamini.

Alifungua kifuniko. Meno ya gia yalikuwa yameliwa, beringi imegeuka bluu kwa joto, na grisi hapakuwa na hata ya kupaka ukucha. Jana yote ikamrudia.

Alikuwa amelifungua sanduku, akakwangua grisi yote ya zamani, akaziosha gia kwa mafuta ya taa mpaka zikang'aa. Alikuwa ndio kwanza anataka kupanda kufuata bati jipya la grisi, Iolanda akaita kutoka juu: "Oreste! Nimeshazitupa!" Katika nyumba ile, na katika nyumba zote za bonde lile, mama akishatupa tambi majini hakuna anayejibu "nakuja." Mgonjwa huamka, ugomvi huahirishwa, simu hukatwa. Tambi za mayai hazingoji mtu. Oreste alifunga kifuniko ili vumbi la unga lisiingie, na mkono wake, uliozoea tangu ujana kwamba kifuniko kikifungwa kadi hutundikwa, ukaitundika bila kumuuliza. Akapanda. Akala, akapangusa sahani kwa mkate, akanywa divai, akaenda baa kucheza karata. Tena alishinda.

"Imekuwaje?" Iolanda aliuliza.

Oreste alifungua kinywa aseme. Kilichotoka hakikuwa alichokusudia.

"Uliijaza?"

Iolanda aliutazama unga. "Niliongeza kidogo. Kwa ajili ya Jumapili."

"Nilikuambia usiijaze."

"Uliniambia." Akaketi juu ya gunia la unga, taratibu, kama mtu anayeketi msibani. "Basi ni mimi. Ni mimi niliyeiua, Oreste."

"Lakini, baba," Mirella alisema akichungulia, "mbona humu ndani kumekauka hivi?"

"Joto," Oreste alisema upesi. "Joto hukausha."

Akafunga kifuniko. Na, Mungu amsamehe, kadi akaiweka sawa.


Alipiga simu kwa muuza vipuri. Kipuri kingefika Jumanne. Iolanda alisikia, akavua aproni, akavaa koti lake la kanisani, akamwambia mumewe wafuatane kwa Padre.

Padre Celso alikuwa ofisini na Bi Ofelia, mwenyekiti wa kamati ya karamu, mwanamke ambaye habari mbaya humpa hamu ya kula.

"Padre, nimekuja kuomba radhi," Iolanda alianza, bado amesimama. "Mashine imeungua, na kosa ni langu. Oreste alikuwa ameshaitia mafuta, kadi ipo pale pale. Mimi kwa tamaa yangu nikaijaza."

"Pole sana, mwanangu."

"Tamaa," Bi Ofelia alirudia, akilionja lile neno. "Zoboli ana mashine tatu."

"Zoboli anatia krimu," Padre alisema.

"Krimu unaweza kuisukuma kando ya sahani, Padre. Njaa utaisukumia wapi?"

Padre alimgeukia Oreste. "Nawe fundi unasemaje? Haitengenezeki?"

Oreste alikuwa akimkodolea macho Mtakatifu Martino ukutani, yule askari aliyekata joho lake akampa maskini nusu.

"Kipuri kitafika Jumanne," alimwambia mtakatifu.

"Tutakanda kwa mkono," Iolanda alisema.

"Kwa mkono upi, Iolanda?" Padre aliliangalia kovu lake.

"Huu huu nilio nao."

Bi Ofelia alisimama kuonyesha kwamba kikao kimekwisha. "Kesho saa sita mchana nakuja dukani. Nikiuona unga, nauona. Nisipouona, nampigia Zoboli simu palepale mlangoni pako."

Ukungu ulikuwa umeshuka barabarani. Walitembea mpaka kwenye daraja la mfereji, ndipo Iolanda alipompitishia mumewe mkono kwenye kwapa.

"Asante," alisema. "Hukunigombeza mbele yao."

Oreste alitamani mfereji ule uwe na kina zaidi.


Jikoni alimkuta Bibi Argia kwenye kiti chake cha magurudumu, mguu uliovimba ameuegemeza juu ya kitu chini ya mto. Oreste aliketi, akashika kichwa.

"Oreste."

"Naam, mama."

"Hebu niulize mguu wangu unaendeleaje."

"Unaendeleaje, mama?"

"Vizuri. Tangu Jumatano umestarehe juu ya bati lako la grisi." Bibi akauinua mto. Bati lilikuwa jipya, utepe wa kiwandani ungali umeuzunguka mfuniko wake. "Jana nilimngoja mtu aje kunishusha mguu alichukue. Hakuja mtu."

Oreste aliutazama ule utepe.

"Mimi ni mzee, nasahau. Juzi nimesahau jina la marehemu mume wangu. Mguu lakini hausahau."

"Utamwambia Iolanda?"

"Mimi?" Bibi alinyoosha kidole kwenye gurudumu lake, kwenye kadi ya njano. "Mimi si umeshanitia mafuta? Silii." Akaurudisha mguu juu ya bati. "Ila mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe mkwe wangu mvivu, hutafika hata kwenye kifo. Utaumbuka ungali unakula."

Usiku ule Oreste hakugusa chakula. Iolanda alidhani anamhurumia yeye, akambusu kwenye kipara.


Jumamosi asubuhi wanawake wa mtaa walifika mmoja mmoja na aproni zao, kila mtu na kifimbo chake cha kusukumia, maana kifimbo cha kusukumia hakiazimwi. Hawakuitwa. Mambo ya Zoboli na krimu yake yalikuwa yameshavuka kila ua. Wengine walishika nyama na jibini, wengine wakapanga mbao za kukunjia. Kukanda, ambako ndiko kazi yenyewe, Iolanda alisema ni kwake: yeye ndiye aliyeharibu, yeye ndiye atakayelipa.

Oreste alisimama mlangoni eti anasubiri kubeba magunia. Mwanamume kwenye ubao wa unga katika mji ule ni kama paka kanisani: hafukuzwi, ila kila mtu anamtazama. Alimwona mkewe akichimba shimo katikati ya unga, akavunja mayai, akachanganya, akaanza kusukuma kwa kiganja. Alisukuma, akauma mdomo. Akahamia mkono wa kushoto. Akarudi wa kulia, akatoa pumzi kwa kishindo kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba asiyetaka watoto wajue.

"Taratibu, Iolanda," jirani yao Bi Norma alimtania. "Mashine umeshaijaza ikafa, sasa unataka kujijaza na wewe?"

Wanawake walicheka. Iolanda naye akacheka, na katika kucheka akajifuta jicho kwa kiwiko.

"Hakuijaza," Oreste alisema.

"Wasemaje?"

"Hakuijaza. Au aliijaza, lakini hata angeijaza mara mbili ingebeba." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Haikuwa na grisi. Niliikwangua ya zamani, nikaosha, nikaifunga kavu. Halafu nikatundika kadi."

Vifimbo vilisimama.

"Kwa nini, baba?" Mirella aliuliza.

"Mama yako alikuwa ameshazitupa tambi."

Bi Norma alitikisa kichwa kukubali, na wawili watatu wakatikisa pia, maana hiyo hata wao waliiona ni sababu. Iolanda hakutikisa.

"Jana," alisema polepole, "uliniacha nikavaa koti la kanisani."

"Ndiyo."

"Nikasema tamaa yangu. Mbele ya Ofelia."

"Ndiyo."

"Halafu darajani nikakushukuru."

Ndiyo ya tatu ilimkwama. Alimpenda mwanamke huyu, hakuwa na shaka nalo, alimpenda kuliko kiwanda na karata na vyote. Na sasa aliona wazi, kama anavyoliona jino la gia lililolika, kwamba jana alijipenda zaidi yeye mwenyewe na kadi yake.

Iolanda alijibandua unga kidole kimoja kimoja. Alikuwa amekasirika kiasi cha kutulia, na huko kutulia ndiko kulikomtisha mumewe.

"Kaoshe mikono," alisema. "Mpaka viwikoni. Kwa brashi."


Bibi Argia alisukuma kiti chake mpaka ubavuni mwa ubao. Hakuna aliyemsikia akija. Magurudumu yalikuwa laini kuliko ya mtu yeyote bondeni.

Oreste alidhani ana mikono. Mikono iliyofungua boliti zilizogandishwa na kutu ingeshindwaje na mayai na unga? Lakini unga wa mayai hauna boliti. Unausukuma, unarudi. Unaukunja, unakutazama. Jasho lilimtiririka mpaka Mirella akamfunga leso kichwani, lisidondokee kwenye chakula cha watu.

"Tayari, mama?"

Bibi alibonyeza donge kwa kidole gumba. "Bado."

Akasukuma. Wanawake wakaanza kupiga soga juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo.

"Sasa? Mbona umelainika?"

Bibi akabonyeza. "Huo ni ulaini wa kiume. Bado."

Donge la kwanza lilipokubaliwa, Oreste alitabasamu, akataka kuketi. Iolanda akamwekea la pili mbele yake bila neno. Kisha la tatu. Hapo mabega yakaanza kumzungumzia kwa lugha asiyoijua.

Kengele ya saa sita ilikuwa haijamaliza kugonga pale Bi Ofelia alipoingia, simu mkononi, tayari amelitafuta jina la Zoboli. Alikuta mbao zimejaa tortelini zilizopangwa safu safu, na nyuma ya mbao hizo mwanamume mwenye leso ya maua kichwani, unga mpaka kwenye nyusi.

"Nimekuja kuuona unga."

"Ndio huo," Iolanda alisema.

"Na huyu?"

"Huyo ndiye mashine."

Oreste aliinua uso. Alijua anaongea na nani. Kumwambia Bi Ofelia ni kupanda mnara wa kanisa na kipaza sauti. Akajikaza.

"Bi Ofelia, ile mashine niliiua mimi. Niliiacha kavu nikatundika kadi, halafu nikamwacha mke wangu abebe. Hakuwa na tamaa yoyote. Tafadhali usilisahau hilo la mwisho."

Bi Ofelia alimtazama, akautazama unga, akairudisha simu mkobani. Kusahau! Alitoka kwa hatua za mtu mwenye kazi nyingi mchana ule, na Oreste akainama tena. Alihisi Iolanda akimwangalia pembeni. Hakuthubutu kugeuka. Lakini donge la nne lilipokuja, lilikuwa dogo.


Jumapili tortelini zilielea kwenye supu ya kuku safi, hapakuwa na tone la krimu, na ukumbi wa parokia ukanyamaza kwa namna ambayo mpishi yeyote angeiombea. Padre Celso alirudia bakuli, akarudia tena, akasema Mtakatifu Martino mwenyewe asingegawa nusu ya hizi. Bi Ofelia alitangaza kwamba mwakani kazi ni ya Iolanda, kisha akageukia meza ya wacheza karata alikoketi Oreste.

"Na mashine nayo itakuwepo?"

Ukumbi mzima ukacheka, mpaka watu wa baa wakagonga meza. Oreste hakuweza hata kuinua mkono wa kuwanyamazisha. Hakuweza kuinua kijiko. Supu yake aliiinamia bakulini na kuifyonza, na hakuna aliyemwonea huruma.

Nyumbani alijikokota mpaka chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mirella alimvua shati kama anayemvua mtoto.

"Iolanda!" aliita. "Mke wangu, nipake ile dawa ya kafuri. Mabega yananiua."

Iolanda alikuja. Tangu alfajiri alikuwa amepakulia watu, yeye mwenyewe hakutia kitu kinywani, na jikoni sufuria lake lilikuwa limeanza kuchemka. Alichukua kitambaa kikavu, akampangusa mabega yote mawili vizuri, shingo, mgongo, mpaka Oreste akafumba macho kwa raha. Chupa ya dawa ilikuwa juu ya meza, haijafunguliwa. Iolanda alimrudishia shati mabegani, akafunga kifungo cha juu. Halafu akatoa kadi ya njano mfukoni mwa aproni, akamvisha shingoni.

"Iolanda?"

"Nimeshazitupa," alisema, akatoka.

Oreste alingoja. Mirella akapita mlangoni.

"Mirella, mwanangu, njoo unipake."

Mirella alisogea, akaisoma kadi. "Umeshapakwa, baba," akasema, akaenda zake.

Bibi Argia akatokea kimyakimya juu ya magurudumu yake, akaisoma naye herufi kwa herufi, akatikisa kichwa kwa heshima. "Sheria ni sheria," alisema, akaelekea jikoni.

Kuivua mwenyewe hakuweza, mikono haikufika. Na hata ingefika, si yeye aliyeitundika. Oreste alikaa na neno lake kifuani akasikiliza. Alisikia uma ukigonga sahani, bila haraka. Alisikia mkate ukipangusa mchuzi. Alisikia divai ikimiminwa. Sasa, alijipa moyo, sasa anasimama.

Akasikia karata zikichanganywa.

"Iolanda!" alipiga kelele. "Iolanda, nalia huku!"

"Haiwezekani," Iolanda alijibu kutoka jikoni, na sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, ilikuwa na kicheko ndani yake. "Kadi si unayo? Mama, gawa."